Mgeni wa Mama Wema

Mchungaji Malimi alipotangaza kanisani Mwandoya kwamba mwezi wa saba watakuja wageni kutoka nje ya nchi, wakae wiki mbili na kusaidia kujenga nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua karibu na zahanati, hakuna aliyeuliza nje ya wapi. Nje ilikuwa nje. Mwaka juzi kanisa moja la jirani lilipata wageni wa Ulaya. Walipoondoka waliacha taa za sola na mipira ya watoto, na mama aliyewapikia aliachiwa miwani ya kusomea ambayo mpaka leo anaivaa hata akienda kuchota maji.

Nyanjige ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, mwenye nyumba ya bati ya vyumba vitatu, ng'ombe wanne na shamba la pamba alilolima mwenyewe. Majirani walimwita Mama Wema. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kazi yake ilionekana. Kwa ajili ya ugeni ule alipanda basi mpaka Bariadi, akarudi na mashuka mapya yenye maua ya zambarau, chandarua, tambi pakiti tatu, kahawa ya kopo na karatasi za chooni. Chumba cha mgeni alikipaka chokaa kwa mikono yake. Jioni kabla ya siku yenyewe alitandika kitanda, akasimama mlangoni akakitazama, kisha akaenda kuwaita wenzake wawili nao waje watazame.

Siku ya kuwasili, kwaya ilianza kuimba tangu kosta ilipoonekana kwenye vumbi la barabara. Vigelegele vikapigwa. Mlango ukafunguliwa, akashuka mwanamke mweusi, mrefu, mwenye blauzi nyeupe, sketi nyeusi na kitambaa cheupe kichwani. Akashuka wa pili kama yeye. Akashuka wa tatu. Walipofika tisa dereva akafunga mlango, na ngoma zikanyamaza moja moja.

Mzee Bundala, fundi mwashi, alisogea akachungulia ndani ya gari kupitia dirishani.

"Wazungu wako gari la nyuma?" akauliza.

"Wazungu gani, mzee Bundala?" akasema Mchungaji.

"Hawa wageni wa nje."

"Si ndio hawa. Wametoka Malawi. Wamekuwa barabarani siku nne. Kwani Malawi si nje?"

Mzee Bundala alifikiri kidogo. "Ni nje," akakubali kwa sauti ya chini.

Mchungaji Malimi akaeleza pale pale, mbele ya wageni, huku Mwinjilisti Elia akitafsiri. Elia alisoma chuo cha Biblia huko Mbeya pamoja na vijana wa Malawi, akashika Kichewa chao cha kutosha. Mwaka uliopita, Mchungaji alisema, kimbunga kilipiga kusini mwa Malawi na mafuriko yakabeba vijiji. Makanisa ya nchi nyingi yalituma mablanketi na nguo, na hata sisi tulituma kidogo tulichokuwa nacho. Hawa kina mama wanatoka Phalombe, mahali penyewe. Hawana cha kuleta. Wamesema wataleta mikono.

Watu walipiga makofi ya adabu. Wengine waliondoka kabla chai haijamiminwa.

Nyanjige alipangiwa mgeni aliyeitwa Esnati, mwanamke mfupi, mwembamba, wa rika lake, mwenye kandambili miguuni. Mzigo wake ulikuwa begi moja na kitu kizito kilichofungwa kwenye kitenge. Walipofika nyumbani Esnati alikifungua kumwonyesha. Lilikuwa jembe lisilo na mpini.

Nyanjige alilitazama lile jembe, akatabasamu kwa shida, akamwekea mgeni kiti uani. Kisha aliingia ndani peke yake, akafunga mlango wa chumba, akatandua yale mashuka ya maua, akayakunja na kuyarudisha kwenye sanduku lake. Juu ya godoro akatandika shuka la zamani lenye kiraka. "Huyu amezoea," alijiambia. Chandarua alikiacha kwa sababu kilikuwa kimeshafungwa darini. Tambi zilibaki kwenye pakiti.

Jioni alisonga ugali wa mtama, akaweka na mlenda. Esnati alinawa, akamega tonge, na uso wake wote ukafunguka.

"Nsima!" akasema.

"Bugali," akasema Nyanjige kwa Kisukuma.

Esnati akanyoosha kidole kwenye maji ya kunawa. "Madzi."

"Minzi."

"Nyumba," akasema Esnati, akigonga ukuta.

"Numba."

"Njala!" Esnati akajishika tumbo, akacheka.

"Nzala," Nyanjige akajibu, na bila kutaka akacheka naye. Ilikuwa ni kama kukutana na ndugu wa ukoo aliyehamia mbali, sura hiyo hiyo ila mwendo mwingine. Lakini alipokwenda kulala alikumbuka vile wenzake walivyomwangalia pale kwenye kosta, akaona aibu upya, na hakujua vizuri anamwonea nani.

Asubuhi jirani alipiga hodi nje ya ua. "Mwangaluka, Mama Wema! Mgeni ameamkaje?"

Esnati alikuwa anafagia. Aliacha ufagio, akatazama mlango wa ndani, akatazama jikoni, kisha akamgeukia Nyanjige.

"Wema?" akauliza. "Wema ali kuti?"

Swali lilieleweka hata kwa mtoto: Wema yuko wapi? Nyanjige alijifanya hakulisikia. Alichukua ndoo yake akatangulia njiani.

Kazi ilianza na watu wachache. Siku ya kwanza wenyeji walikuwa watano pamoja na Mzee Bundala, ambaye alikuja, kama alivyosema, kuona tu mchanganyo wa udongo usiharibiwe. Wale kina mama wa Malawi walivua viatu, wakafunga vitenge juu ya sketi, wakaingia kwenye shimo la udongo na kuanza kuukanyaga wakiimba. Hawakuimba kwa haraka. Mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, na miguu ikafuata. Kufikia saa nne Mzee Bundala alikuwa anatikisa kichwa kwa mahadhi yale bila yeye kujua. Mchana aliomba apewe lile jembe la Esnati. Kesho yake alilirudisha likiwa na mpini mpya, laini, uliopigwa msasa.

"Mwambie," alimwagiza Elia, "mtu akisafiri siku nne na jembe, huyo si mgeni. Huyo ni mkulima."

Siku ya tatu wenyeji walifika ishirini. Siku ya nne hakuna aliyehesabu tena. Sisi Wasukuma tunajua kulima kwa kuimba, na mtu akituimbia kazini miguu yetu haikai nyumbani. Matofali yakafyatuliwa, yakakauka, msingi ukajazwa mawe.

Hata hivyo Nyanjige alibaki na kijiwe moyoni. Kila mtu alipomwita kwa jina lake la mama, Esnati aligeuka kumtafuta huyo Wema. Jumanne aliuliza tena, kwa upole, akionyesha kitanda cha chumba cha tatu, kisicholaliwa. Jumatano aliuliza kwa macho tu. Nyanjige alimpa kazi ya kupepeta mtama ili asiulize.

Alhamisi mchanga uliisha. Mchanga wa Mwandoya huchotwa mtoni, na mto wenyewe kwa miezi mingi ya mwaka hauna maji ya kuonekana. Ni barabara pana ya mchanga mweupe kati ya kingo mbili, na mtu akitaka maji anachimba. Wanawake wote walikwenda na ndoo, nyuma yao ukifuata mkokoteni wa ng'ombe. Walipofika ukingoni waliteremka wakipiga soga, wenyeji na wageni wamechanganyika.

Esnati hakuteremka.

Alisimama juu na ndoo yake. Wenzake wa Malawi walimtazama, wakasemezana kidogo, wakaendelea na kazi kama watu wanaojua jambo na hawataki kuligusa. Lakini wenyeji hawakujua. Wakaanza kuguna. Mzigo wa kwanza ukapanda, wa pili ukapanda, na mgeni bado amesimama palepale.

Nyanjige alikuwa amechoka na jua limemchoma. Alisema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika na wote, "Kumbe mimi nimepewa mgeni wa kuchagua kazi! Labda anasubiri tumletee kiti."

Wanawake wakacheka. Esnati alisikia kicheko, akaona nyuso zimemgeukia, naye akacheka pamoja nao ili asiwaache peke yao. Nyanjige alimwona akicheka. Hilo lilimchoma kuliko jua. Hata hivyo alibeba ndoo yake, akapanda kwenda kumsema ana kwa ana.

Alipofika karibu aliona kwamba Esnati ameshika mzizi wa mti uliojitokeza ukingoni, ameushika kwa nguvu mpaka vidole vimebadilika rangi.

"Mayu," akasema Nyanjige, yaani mama, na yale maneno makali aliyokuja nayo yakampotea. "Kuna nini?"

Esnati alionyesha mtoni. "Madzi."

"Hakuna minzi. Pakavu. Ona." Nyanjige aliokota mchanga, akaumimina chini.

Esnati akatikisa kichwa. Alionyesha kwa mkono kule mto unakotokea. Akaweka kiganja kwenye goti lake. Akakipandisha kiunoni. Akakipandisha shingoni. "Madzi," akasema. Kisha akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, kuonyesha mtu mrefu kuliko yeye, mtu mzima.

"Mwana wanga," akasema. Akamshika Nyanjige kifundo cha mkono, akakikaza, halafu vidole vyake vikateleza kidogo kidogo mpaka vikaachia. "Mwana wanga. Madzi."

Elia alikuwa kule chini na mkokoteni. Hakuitwa, wala hakuhitajika. Nyanjige alikaa chini palepale kwenye majani makavu, na Esnati akakaa kando yake. Wanawake mtoni waliona, wakapunguza sauti.

Ng'ombe wa mkokoteni walipanda mara moja na kurudi.

Kisha Nyanjige alinyoosha mkono kuelekea ng'ambo, pale njia itokayo Kimali inapoteremkia mtoni. Ilikuwa miaka sita na zaidi tangu aonyeshe mahali pale kwa mkono. Kila siku alipita hapo kwa sababu maji yalikuwa hapo, na kila siku alitazama miguu yake.

"Ng'wana wane," akasema.

Esnati akageuka kumtazama.

Nyanjige aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo, akaichora mimba kubwa. Akaonyesha ng'ambo: mkokoteni uliokuwa ukimleta zahanati ulisimama pale. Akaonyesha mto, naye akaweka kiganja gotini, kiunoni, shingoni, kama Esnati alivyofanya. Akajigusa kifua, akagusa majani waliyokalia. Yeye alikuwa hapa. Akaonyesha jua, lilipokuwa utosini, akalifuata kwa kidole mpaka linapozama. Muda wote huo alikuwa hapa, na binti yake alikuwa pale, na walikuwa wanaonana. Aliweka mikono mdomoni kuonyesha alivyomwita, mpaka kule ng'ambo hakuitikia tena.

"Ng'wana wane," akasema tena. "Minzi."

Halafu akasema, "Wema."

"Wema," akarudia Esnati taratibu. Sasa alijua aliko.

Kisha akajigusa kifua yeye naye. "Chikondi."

"Chikondi," akasema Nyanjige. Alilirudia lile jina mara mbili ili alitamke sawasawa, kama inavyompasa mtu anayetajiwa jina la mtoto wa mwenzake.

Walilia bila kelele. Walipomaliza kulia, Nyanjige alisimama, akapangusa sketi ya mwenzake vumbi, akampa mkono. Esnati alitazama chini mtoni, akatazama ule mkono. Akauachia mzizi, akashika mkono.

Waliteremka polepole. Mguu wa Esnati ulipogusa mchanga alisimama, akapumua, akaendelea. Katikati alisimama tena, na Nyanjige akasimama naye bila kumvuta. Hakuna aliyepiga kelele ya kumshangilia. Wanawake waliendelea kujaza ndoo, macho yao kwenye koleo, na wengine walikuwa wamegeuka kabisa kuwapa nafasi.

Pale katikati Nyanjige alipiga magoti, akachimba kwa mikono kama wachimbavyo wakitafuta maji ya kunywa. Alichimba mpaka kiwiko. Maji yakaanza kujikusanya kwenye shimo, kidogo, ya udongo kwanza, kisha safi. Yalikuwa ya kujaza bakuli tu. Esnati aliyaangalia sana. Mwishowe alichuchumaa, akayachota kwa kiganja, akanawa uso.

Siku hiyo waliporudi nyumbani Nyanjige hakupika kwanza. Alimtuma mtu akamwite Elia. Elia alifika akidhani kuna ugonjwa.

"Nataka unitafsirie," akasema Nyanjige. "Mwambie siku ile amefika nilikuwa na mashuka mapya. Nilimnunulia mgeni. Nilipomwona ni mweusi mwenzangu, ana kandambili na jembe, niliyatandua nikayaficha. Mwambie na leo mtoni nilimcheka."

Elia alijikuna shingo. "Mama Wema, na hilo nalo niliseme?"

"Liseme lote."

Elia alilisema lote, akitazama chini. Esnati alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kitu kimoja, Elia akajibu. Halafu akaongea kirefu kidogo.

"Anasema," akaanza Elia, "yale mashuka aliyajua. Chokaa ilikuwa mbichi na chandarua kipya, akashangaa shuka peke yake ndilo lina kiraka. Anasema hakukasirika. Anasema walipokuwa wamehifadhiwa shuleni baada ya mafuriko, nguo za msaada zilipoletwa, yeye alichukua magauni mawili. Moja alilivaa, jingine akalificha chini ya mkeka. Mwanamke aliyelala kando yake hakuwa na hata moja. Alilala juu ya lile gauni siku tatu ndipo akampa. Anasema tangu siku hiyo hamhukumu mtu kwa kitu alichoficha. Anataka kujua tu kama mashuka ulishayatoa."

Nyanjige aliingia chumbani akafungua sanduku. Walitandika kitanda pamoja, mmoja upande huu na mwingine upande ule, huku Elia akiwa amesimama mlangoni hajui kama aage au akae. Usiku ule walipika pia tambi. Hakuna kati yao aliyejua kuzipika, zikawa kama uji, wakazila kwa kijiko.

Wiki ya pili ilikwenda mbio. Kuta zilifika usawa wa linta, juu ya milango. Katika mapumziko ya mchana Nyanjige na Esnati walikaa pamoja na kufundishana maneno, na yale yaliyofanana waliyafurahia kama watu waliookota kitu njiani. Siku ya kuondoka kwaya iliimba tena, na safari hii ngoma hazikunyamaza mpaka kosta ilipopotea. Mzee Bundala alishikana mikono na kila mmoja wa wale tisa, kisha akaenda kusimama peke yake nyuma ya ukuta aliokuwa amejenga nao, akijifanya anapima kama umenyooka.

Paa liliezekwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Mwezi wa kumi na mbili mto ukiwa umeshaanza kujaa, mwanamke wa kwanza alikuja kutoka upande wa Bukundi, akiwa amebakiza wiki tatu. Nyanjige ndiye aliyempokea. Alikuwa ameiomba kamati imwachie kazi ya kuangalia nyumba ile, kupika uji na kuamsha watu wa zahanati ikibidi. Yule mwanamke alijifungua mtoto wa kike siku ya Jumapili, ibada ikiendelea. Nyanjige alimwogesha mtoto, akakaa naye dirishani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na mama mtu alimwachia.

Jina la Wema sasa alilitaja bila shida. Alilitaja hata kwa wajawazito waliouliza kwa nini anaitwa hivyo.

Mwezi wa tano uliofuata, pamba ikiwa bado haijaanza kuchumwa, Mchungaji Malimi alisoma barua kanisani. Kina mama wa Phalombe walikuwa wanajenga upya nyumba za wajane wao. Kuta zilikuwa zimesimama, bado hazijakandikwa, na walikuwa wanaomba tu maombi. Nyanjige alinyanyua mkono kabla barua haijaisha. Nyuma yake mikono sita mingine ikanyanyuka, na wa mwisho ulikuwa wa Mzee Bundala.

Ndiyo maana siku moja alikuwa amekaa mbele ya afisa kijana katika ofisi ya uhamiaji pale Bariadi, amevaa kitenge chake cha Pasaka, akimsaidia kusoma majina ya Kisukuma kwenye fomu.

"Sababu ya safari, mama? Matibabu? Biashara? Kutembelea ndugu?"

Nyanjige alifikiri. Kila alilotaja lilikuwa karibu na kweli lakini halikufika.

"Kukandika," akasema.

Kijana aliacha kuandika. "Kukandika nini?"

"Nyumba. Kuna mama mwenzangu huko, kuta zake ziko wazi. Mvua zao zikianza zitamkuta hivyo."

"Yaani utoke Mwandoya mpaka Malawi kwenda kukandika?"

"Ni siku nne tu, baba," akasema Nyanjige, akamwonyesha mikono yake. "Yeye alikuja."

Afisa aliitazama ile mikono, kisha akaangalia orodha ya fomu yake, ambayo haikuwa na kisanduku cha jambo kama hilo. Akaandika: huduma ya kanisa. Akamsogezea wino wa dole gumba.